Kiroba cha Mpunga na Minazi Kumi na Moja

Nyumba ile niliikagua mara tatu kabla ya kusema neno lolote la kununua. Kazi yangu ni kutengeneza mizani, na mtu aliyezoea kazi hiyo haliamini jicho lake mpaka apime. Safari ya kwanza nilikwenda na futikamba, nikapima vyumba vinne, baraza na ua. Safari ya pili nilikwenda na timazi, nikakuta kuta zimesimama vizuri kuliko za nyumba niliyokuwa nimepanga Mbagala. Safari ya tatu niliuliza habari za maji. Huku Rufiji ukinunua nyumba bila kuuliza mto ulifika wapi mwaka wa mafuriko, huenda umenunua mtumbwi. Niliuliza katika nyumba sita, kila moja peke yake ili wasiigane majibu, na wote walinionyesha mahali pamoja: chini kabisa, kwenye majaruba ya mpunga, mbali na msingi wa nyumba.

Basi sababu za kukataa zikaniishia.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, na tangu nijitegemee sijawahi kulala chini ya bati langu mwenyewe. Nyumba hii ya Mtunda ilikuwa ya matofali ya kuchoma, ina ekari tatu, mikorosho ishirini na mitatu na kisima ambacho maji yake nilikunywa mbele ya mashahidi. Siku ile ya tatu muuzaji aliniacha peke yangu akaenda kuswali adhuhuri. Nilifungua dirisha la chumba cha kwanza, nikalifunga. Nikalifungua tena. Nililifungua na kulifunga mara nne, na hapakuwa na sababu yoyote ya kiufundi. Kisha nikalala chali sakafuni, katikati ya chumba, nikatazama dari. Muuzaji aliporudi alinikuta hivyo hivyo. Nikamwambia nilikuwa nakagua kenchi.

Muuzaji alikuwa dereva mstaafu wa malori, mtu wa rika langu, anahamia Lindi kwa wanawe. Bei tulishapatana. Tulikuwa tumekaa barazani nikimsomea orodha ya vilivyomo shambani ili tuiandike kwenye mkataba, na nilipofika kwenye minazi kumi na moja akanikatiza kwa upole. Minazi, alisema, si yake. Yeye anauza ardhi, nyumba na mikorosho. Minazi ni ya shangazi yake.

Nilikuwa nimeihesabu minazi ile mara tatu, na mara zote tatu nilipata kumi na moja. Kuuliza ya nani, hata mara moja sikuuliza. Mjini mtu akinunua kiwanja amenunua na kilichosimama juu yake. Huku mti ni wa aliyeupanda, na akifa ni wa aliowaachia, hata ardhi ikipita mikono mingapi. Minazi ile ilipandwa na mama yake shangazi. Na bila kauli ya shangazi, muuzaji alisema, hakuna jirani atakayekubali kuwa shahidi, wala mwenyekiti wa kijiji hatagonga muhuri. Kwa hiyo nyumba nzima, na dirisha lake, ilikuwa mikononi mwa bibi ambaye sijamwona.

Tulikwenda kwake Jumapili. Nyumba yake iko jirani, upande wa pili wa safu ya minyaa inayoweka mpaka. Mwenyekiti alikuwepo, na majirani kadhaa. Bibi mwenyewe alikuwa mdogo wa umbo, umri wake unakaribia themanini, anasuka ukindu bila kuutazama. Nilimwamkia, akaitika, mwenyekiti akaniuliza kwetu wapi. Nikajibu kama ilivyo: nimezaliwa Temeke, lakini marehemu baba alikuwa Mnyamwezi wa Tabora.

Bibi akaacha kusuka.

"Kumbe mtumwa wangu huyu," akasema. "Nani kakupa ruhusa ya kukaa juu ya mkeka wangu?"

Nikainuka. Watu wakacheka, nami nikadhani wanacheka kwa sababu niliinuka haraka mno. Bibi akaendelea bila kutabasamu. Alisema Wanyamwezi ni wapagazi wao tangu enzi za mababu, wametoka kwao mpaka pwani na mizigo kichwani na hakuna aliyenung'unika. Kama mimi naitaka minazi yake, basi ana kiroba chake cha mpunga kimewekwa dukani, kule barabara kuu. Nikilete kichwani mpaka barazani kwake.

"Na usipande bodaboda," akasema. "Mpagazi hapandi bodaboda."

Nikatoa daftari nikaandika: kiroba kimoja, mpunga, dukani barabara kuu, kichwani, bila chombo. Nikamsomea ili athibitishe. Akathibitisha. Nikamshukuru, nikaaga, nikaondoka kuwahi basi la kutoka Ikwiriri.

Lazima nieleze hapa, kwa sababu msomaji ameshaelewa jambo ambalo mimi sikulielewa. Utani wa makabila, mzaha wa jadi ambao aliyetaniwa hujibu wala hakasiriki, niliujua. Shule niliishia darasa la saba, mengine yote nimeyasoma mwenyewe, na juu ya utani nilisoma kurasa nyingi. Nilijua ni makabila gani yanataniana na gani, na kwamba Wanyamwezi ni watani wa watu wa pwani. Ila vitabu nilivyosoma viliuelezea utani wa misibani na wa harusini, na mimi nilikuwa nimekwenda kununua nyumba. Halikunipitia akilini. Mashemeji zangu walijaribu kunitania mwanzoni mwa ndoa yangu. Kila mara niliwajibu kwa maelezo, wakaacha.

Nyumbani nilimsomea mke wangu masharti kutoka kwenye daftari. Alijifunika mdomo kwa upande wa khanga akakohoa kwa muda mrefu. Nilipomuuliza anaonaje, akasema, "Kabebe, baba. Nyumba nzuri haipatikani mikono mitupu."

Nikaanza mazoezi. Nilijaza mchanga kwenye kiroba, nikaupima kwa mizani yangu ya kuning'iniza, kilo kumi siku ya kwanza, nikiongeza kilo nne kila siku. Nilisokota ngata kwa kitambaa cha zamani. Kila alfajiri nilizunguka ua wa nyumba ya kupanga mara ishirini, na mke wangu akinihesabia huku amegeukia ukuta. Wapangaji wenzangu walitoka na miswaki yao kutazama. Mmoja aliuliza kama nimeweka nadhiri. Nikasema nanunua nyumba. Nikagundua kwamba kila niliposema maneno hayo miguu yangu iliongeza mwendo yenyewe, na siku ya nne niliangusha kiroba kwa sababu nilikuwa, sijui niseme nini, karibu nacheza.

Jumamosi nilishuka kwenye basi saa tatu asubuhi, pamoja na mke wangu, ambaye alisema hawezi kuikosa siku hiyo. Kiroba kilikuwepo kweli. Nilikipima dukani mbele ya mwenye duka: kilo thelathini na moja na robo. Nikaweka ngata, nikasaidiwa kujitwisha, nikaingia njia ya vumbi kuelekea kijijini.

Hatua mia tano za kwanza nilikuwa na mke wangu tu. Kisha wakaungana nasi wanawake wawili waliokuwa wanatoka kuuza ufuta, kisha fundi baiskeli aliyefunga kazi yake, kisha watu ambao sikuweza kuwaona kwa sababu shingo haikuruhusu kugeuka. Mtu akapiga kigelegele. Mwingine akauliza msafara huu ulitoka Tabora lini. Niliendelea kuhesabu hatua. Nilijisikia mwepesi kabisa, jambo ambalo kwa mzigo ule halina maelezo.

Karibu na zahanati mwenyekiti wa kijiji alitukuta, yuko juu ya pikipiki. Akasimama.

"Mzee, unafanya nini?"

Nikamwambia natimiza sharti la Bibi. Akanitazama usoni, akaona sifanyi mzaha. Alishuka, akaegemea tangi la pikipiki, akacheka mpaka kofia ikadondoka. Wale wa nyuma wakacheka naye, na mke wangu, ambaye alikuwa amevumilia wiki nzima, akakaa chini kando ya njia.

Alipopata pumzi mwenyekiti akasema, "Bibi kakutania, mzee wangu. Alingoja umjibu. Weye ukatoa daftari."

Kisha akaacha kucheka, akanieleza yaliyobaki, na hayo hayakuwa ya kuchekesha. Bibi hakulala vizuri usiku ule wa Jumapili. Kwanza aliogopa kwamba amenikosea. Baadaye akasema, Mnyamwezi gani huyu hana mdomo. Mtu ukimtupia neno haliokoti, huyo ukikosana naye kesho atakwenda polisi. Mtoto wa kaka yake anahama, yeye anabaki na jirani huyo mpaka anakufa. Siku iliyotangulia alikuwa amemwambia mwenyekiti kwamba kauli ya minazi hatatoa, na asitafutwe tena.

Nikauliza kama naweza kwenda kumweleza kwamba nilisahau tu.

"Ukieleza umekwisha," akasema. "Mjibu."

Kutoka zahanati mpaka kwa Bibi ni hatua mia nane na kidogo. Sijawahi kuwa mwepesi wa maneno. Neno zuri hunijia baada ya siku mbili, nikiwa naoga. Sasa nilikuwa na hatua mia nane, kilo thelathini na moja kichwani, na nyumba yangu mwisho wa njia. Nilijaribu maneno kadhaa kimyakimya. Yote yalianza na "kwa kuwa". Nilifikiria dirisha. Nilifikiria kwamba wiki mbili baadaye mtu mwingine, mwenye mdomo, angelifungua na kulifunga. Hatua mia mbili zilipobaki nilikuwa sina kitu bado, na kundi nyuma yangu halikupiga kigelegele tena, maana mwenyekiti aliwaambia uamuzi wa Bibi.

Bibi alikuwa barazani kwake. Alituona tukitokeza. Alivyokitambua kiroba chake alishika shavu.

"Umechelewa," akasema. "Babu yako angekuwa amesharudi."

Nilipita mbele ya baraza lake, sikumwamkia, nikavuka safu ya minyaa, nikapanda baraza la nyumba niliyokuja kununua. Muuzaji alikuwa mlangoni, alinipisha. Nikaingia chumba cha kwanza, nikatua kiroba sakafuni, nikatoka, nikafunga mlango wa mbele, nikakaa kizingitini. Watu wote walikuwa wamejaa uani, na Bibi mbele yao na fimbo yake.

"Mpunga wangu uko wapi?"

"Nimeuteka," nikasema.

Nilisikia sauti yangu kama ya mtu mwingine. Bibi akainua kichwa.

"Ukiutaka ukomboe," nikaendelea. "Babu zangu wamebeba bure. Mimi silali njaa."

"Niukomboe kwa nini?"

"Kwa minazi."

"Minazi kapanda mama yangu. Sikupi."

"Basi mpunga wako tutaupika."

"Haujakobolewa. Nani atatwanga?"

"Wewe," nikasema. "Mimi nimeshabeba."

Kelele iliyopigwa uani ilifukuza kuku mpaka kwenye mikorosho. Bibi hakupiga kelele. Alikuja mpaka kizingitini, akanisukuma kwa ncha ya fimbo ili nisogee, akakaa pembeni yangu, akaanza kucheka polepole mpaka machozi yakamtoka. Alicheka akinipiga goti kwa kiganja. Nami nilicheka. Sikumbuki lini mara ya mwisho nilicheka hivyo. Tumbo liliuma hadi siku ya pili, na kwa kuwa shingo pia iliuma, nilirudi Mbagala nikiwa siwezi kugeuka wala kuinama, nikiwa na furaha ambayo nisingeweza kuipima.

Alipojifuta macho alizungumza kwa sauti ya chini, nadhani tulimsikia mimi na muuzaji tu.

"Sitaki pesa za minazi. Nataka siku nikija kuangua nazi zangu nisipige hodi kama mgeni."

Nikamwambia hodi asipige. Na nazi akiangua, mbili zibaki jikoni kwangu, kwa sababu mpunga wake hauliki mkavu.

"Moja," akasema.

Tukaandika. Mwenyekiti alitaka maneno ya kisheria, Bibi akataka yaandikwe kama yalivyosemwa, na ndivyo yalivyo kwenye mkataba: ardhi, nyumba, kisima na mikorosho ni vya mnunuzi, minazi kumi na moja ni ya shangazi wa muuzaji, anaingia bila kupiga hodi, nazi moja inabaki jikoni kila anapoangua. Majirani wanne wakatia saini za ushahidi. Mke wangu alisaini akiwa bado anajifuta macho.

Bibi hajui kuandika. Mwenyekiti alimshika mkono, akakibonyeza kidole gumba chake kwenye wino, kisha kwenye karatasi, mara mbili, nakala ya kwanza na ya pili. Ilipokwisha Bibi akatazama huku na huku kutafuta kitambaa. Hakukiona. Akanigeukia, akakifuta kidole chake, taratibu na kwa uangalifu mkubwa, kifuani mwa shati langu jeupe, pande zote mbili.

Nikalitazama shati.

"Hili utalifua," nikamwambia, nikaanza kufungua vifungo.