Hakuwahi Kumnyanyulia Mtu Mkono

Nianze na ujinga wangu mwenyewe, kwa sababu majirani wameshausimulia vya kutosha na kila mmoja ameongeza chumvi yake. Nilikuwa na historia moja ya marehemu, na niliisoma kwa kila marehemu.

Mimi ni mtu wa ndani. Wanaume wengi wa huku kwetu, nje kidogo ya Masumbwe, wanashinda kwenye maduara, mashimo ya wachimbaji wadogo. Wanashuka ardhini kutafuta dhahabu na kupanda wamepauka kama waliofufuka. Mimi nashinda na kuku. Anayekwenda sokoni ni mke wangu. Ila nilimaliza kidato cha nne na mwandiko wangu unasomeka, na kwa sifa hizo mbili nikawa mwandishi wa kitongoji. Mtu akifa, hata turubai halijafungwa, nasikia hodi: "Mwalimu, tuandikie historia ya kusoma makaburini." Ualimu wenyewe sijawahi kuusomea.

Historia ya kwanza niliiandika kwa mzee mmoja wa kanisa, mtu mpole kwelikweli. Watu walilia mpaka katekista akasahau wimbo. Nikajiona nimefika. Nikainakili kwenye daftari, nikaacha nafasi ya jina, mahali alipozaliwa na idadi ya watoto, na waliofuata nikawa nawajaza tu kama fomu. Mwishoni palikuwa na sentensi niliyoipenda karibu kama wanangu: "Marehemu hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono."

Halafu akafa tajiri mmoja mwenye duara.

Huyo lilikuwa jitu. Ukitaka kujua nani amewahi kumfanyia kazi, ulimwambia acheke, ukatazama mapengo. Presha ilimwangusha mchana, baa, akiwa ameinua kiti juu ya kichwa cha mhudumu. Kiti kikamshukia mwenyewe. Yote hayo nilikuwa nayajua. Niliyajua, nikafungua daftari, nikajaza jina.

Makaburini nilisoma kwa sauti ya huzuni. Nilipofika kwenye sentensi yangu nikapunguza mwendo, kama kawaida, ili wapate nafasi ya kulia. Hakulia mtu. Nyuma kule mmoja alichekea puani. Kisha mjane akasimama. Kwa kawaida mjane hasimami; anakaa mkekani, amejifunika kanga, wenzake wamemshika. Huyu alisimama, akaitupa kanga, akaninyooshea mkono wa kushoto usoni. Niseme alijaribu kuunyoosha. Uliishia njiani, umepinda kwenye kiwiko upande ambao kiwiko hakipindi.

"Na huu aliupinda nani? Wewe?"

Nikasema, "Pole na msiba, mama."

Akanizaba kibao kwa ule mkono mzima. Akaninyang'anya karatasi, akaifinyanga, akaitupa kaburini juu ya jeneza. Mdogo wa marehemu akamkamata nywele na kumburuta. Mchimbaji mmoja wa mapengo akamrukia huyo mdogo mtu, na kuanzia hapo sina mpangilio mzuri wa matukio. Msalaba wa mbao ulivunjikia mgongoni mwa mtu. Udongo wa kaburi ulirushwa machoni. Nilimwona mwanamume mzima akimng'ata mwenzake sikio, na damu ikimtiririkia kwenye shati jeupe la msibani. Mpini wa koleo ukanipata mdomoni, jino la mbele likaenda zake na sijaonana nalo tena. Nahisi nalo limezikwa. Mwishowe kaburi likafukiwa na watu wanaovuja damu, harakaharaka, kama tunaficha kitu.

Sijui wanaoandika vitabu wanapokea vipi lawama. Labda wana viti virefu vya kukalia na kusikitika. Mimi nilijifungia ndani. Siku tatu za kwanza niliwachukia wasikilizaji: watu gani hawa, hawajui lugha ya heshima, hawajui kwamba marehemu husifiwa! Nilitunga majibu makali huku nikiwamwagia kuku pumba, na kuku wote walikuwa upande wangu. Siku ya nne nikajipa moyo, nikatoka mpaka barabarani. Kijiweni dereva mmoja wa bodaboda alikuwa anagombana na mwenzake. Akamchapa kofi la kusikika, na kijiwe kizima kikapokea kwa pamoja: "Hakuwahi kumnyanyulia mtu mkono!"

Sentensi yangu ilikuwa imegeuzwa kiitikio cha makofi. Nikarudi ndani.

"Naacha kuandika," nikamwambia mke wangu.

"Kwani ulikuwa umeanza?" akauliza, bila kuinua macho kwenye dagaa aliokuwa anawachambua.

Nyumba ya pili, ng'ambo ya ua wa minyaa, anakaa bibi mmoja ambaye hajawahi kumwazima mtu hata njiti ya kiberiti. Huyo ndiye aliyeniita juma lile. "Mwalimu! Umepata mgeni, msomaji wako. Ficha meno yaliyobaki."

Mgeni alikuwa yule mjane. Jicho moja lilikuwa limevimba na kufumba kabisa. Nikajua siyo la makaburini, lilikuwa bichi. Nikaanza kuomba radhi, akanikata.

"Radhi yako nitalala ndani yake? Mashemeji wananitoa kwenye nyumba. Wanasema nimemzushia marehemu mbele ya kaburi lake. Siku ya kuanua matanga ukoo unakaa, natoka mimi, watoto wanabaki kwao. Na shahidi wao ni wewe."

"Mimi?"

"Shemeji alikurekodi kwenye simu. Kila nikiwaonyesha mkono, anawasha: hakuwahi, hakuwahi. Wananiambia, mwalimu mwenyewe kaandika."

Hapo ndipo hasira yangu ya uandishi ilipokwisha. Kumbe waliokuwa wanaipenda kazi yangu ni hao.

"Niandikie upya," akasema. "Usinipambe, usimpambe. Andika kilichotokea."

Tulikaa chini, akawa anasema, nikawa naandika. Mkono ulivunjwa kwa mchi, sababu maharage yalizidi chumvi. Marehemu alimzamisha kichwa kwenye pipa la maji mpaka miguu ikalegea, akamtoa, akamuuliza kama amekoma. Mtoto wa pili alitoka tumboni kabla ya wakati wake, baada ya teke. Nilipofika hapo kalamu ilikataa, nikaandika "kwa masikitiko makubwa".

"Umeandika nini hapo?"

Nikamsomea.

"Futa. Aliyesikitika nani? Andika teke."

Nikafuta, nikaandika teke.

Habari huku hazina miguu mifupi. Kesho yake asubuhi nilimkuta jogoo wangu mwekundu mlangoni, kichwa upande huu wa kizingiti, mwili upande ule, na panga limeachwa limechomekwa kwenye fremu ya mlango ili nisije nikadhani ni kicheche. Nikamwambia mke wangu sasa basi, nimeelewa, mimi ni mtu wa ndani.

Akachomoa panga, akalipima kwa kidole. "Lina makali kuliko letu. Tunabaki nalo." Akabandika maji ya kumnyonyolea jogoo. "Huyu tunamla. Na wewe kusoma utasoma, maana uongo uliusoma ukiwa na nguvu zote."

Siku ya kuanua matanga ukoo ulikaa uani kwa marehemu, na mwenyekiti wa kitongoji mbele yao. Mama mzazi wa marehemu, kikongwe asiyezungumza, alikuwa kwenye kigoda karibu na mlango. Mdogo wa marehemu akainua simu, akaiwasha sauti yangu. Sijawahi kusikia kitu cha kinafiki kama ile sauti. Wazee wakatikisa vichwa kwa kukubali.

Nikasimama.

"Marehemu alijaliwa nguvu nyingi," nikasoma, "na nyingi alizimalizia nyumbani kwake."

Nilifika kwenye mchi. Ngumi ya kwanza ikanipata shavuni, nikaenda chini, karatasi mkononi. Nikasoma pipa nikiwa nimelala kifudifudi. Teke likaingia mbavuni, nikasikia kitu kikilia ndani kama kijiti kikavu. La pili. Damu ya mdomo ilikuwa inadondokea karatasini, nikawa naifuta kwa kiganja nione mstari, kwa sababu nilijua nikinyamaza kabla ya mwisho, ile simu ndiyo itakayobaki inasema.

Kisha kivuli kikasimama juu yangu. Mjane, ameshika mchi kwa mkono mzima.

"Atamaliza," akasema. "Anayetaka kumzuia asogee."

Shemeji alisogea. Ule mchi ulimkuta begani na akapiga magoti akilia kama ndama. Nikasoma teke. Nikasoma mtoto. Yule mchimbaji wa mapengo akapaza sauti kutoka ukutani, "Ongeza na meno yangu!" na ndugu wawili wakamgeukia, na benchi likainuliwa juu.

Hapo yule kikongwe akasema kitu kwa Kisukuma, kwa sauti ndogo sana. Benchi likabaki hewani.

"Amesema nini?" mwenyekiti akauliza, ingawa alikuwa amesikia.

Akarudia kwa Kiswahili, akinitazama mimi pale chini. "Hata mimi alinipiga. Mama yake. Andika."

Sikuwa na kalamu. Mwenyekiti akanipa ya kwake, nikaandika nikiwa nimelala, na mwandiko wangu, ile sifa yangu, haukusomeka. Haikujalisha. Hakuna aliyeiwasha tena ile simu. Mwenyekiti alitamka mbele ya wote kwamba mjane na wanawe hawatoki kwenye nyumba ile, na wazee, mmoja mmoja, wakatazama chini na kusema sawa.

Nilirudishwa nyumbani juu ya mkokoteni wa ng'ombe, kila jiwe la njiani likinikumbusha mbavu. Mke wangu aliwasha moto wa maji. Bibi wa ng'ambo ya minyaa akaja amefumbata kitu kiganjani: chumvi, yake mwenyewe, ya kuniwekea kwenye maji ya kukandia. Sikuamini. Akanikanda kwa nguvu kupita kiasi, nami nikasubiri sifa. Nakiri nilizisubiri.

Akakamua kitambaa, akasema: "Ya kwanza ilikuwa tamu lakini ya uongo. Hii ya kweli, ila ndefu mno; wale walikupiga nusu kwa hasira, nusu kwa njaa. Mimi nikifa andika nilikuwa mchoyo, halafu ukae chini."