Nkambo Alipokosa Adabu

Juzi daktari hapa Lubumbashi alinibonyeza tumbo, akatazama picha zake, kisha akaniambia, kwa sauti ya mtu anayetaja bei ya nyanya, kwamba nina vijiwe kwenye nyongo na lazima nipasuliwe. Watoto wangu wakaanza kunituliza: kliniki ni safi, chumba kitakuwa changu peke yangu, mlango unafungwa. Nikaitikia kwa kichwa. Lakini wewe, rafiki yangu, unanijua, utaelewa nilikuwa wapi wakati ule. Nilikuwa nimesharudi Kalemie, miaka ya Zaire, kwenye wodi ya wanawake, nimeshika chuma cha kitanda kwa mikono miwili na sitaki kukiachia.

Tulikaa karibu na reli, mahali ambapo harufu ya ndakala, wale dagaa wa ziwani, wanaokauka mchangani iliingia mpaka kwenye mashuka. Baba alikuwa mtu wa treni, leo yupo, kesho yuko njia ya Kabalo. Mwenye nyumba hasa alikuwa nkambo, ndivyo tunavyomwita bibi kwetu. Alikulia misheni ya Mpala na alitoka huko na adabu za kutisha. Aliongoza rozari ya akina mama wa parokia, na alipopita njiani hata walevi walivua kofia. Kwake hewa ya tumbo haikuwa na jina. Aliiita kukosa adabu, basi. Tukiwa mkekani tunakula bugali na sombe ya majani ya muhogo, harufu ikipita, aliacha kutafuna na kuuliza polepole, "Nani amekosa adabu?" Macho ya mkosaji yalimsema. Alibeba tonge lake akaenda kumalizia nje, pamoja na kuku. Nilienda mara nyingi, na kila mara niliona afadhali ardhi inimeze.

Maumivu yalinianza shuleni, asubuhi, kwenye animasyo. Unakumbuka? Hatukuingia darasani bila kumchezea ngoma Rais na chama chake. Tulipiga makofi, tukaimba, tukakata viuno mpaka vumbi likapanda. Siku ile kiuno changu kilikataa. Mwalimu akanijia, "Weye, mama muzee, zungusha!" Nikajaribu kuzungusha, nikamtapikia kwenye viatu, vile viatu alivyovipiga rangi kila siku kama vya harusi. Shule nzima ikacheka. Nilibebwa nyumbani nikiwa nimefunika uso, na nilikuwa nalilia viatu vile kuliko tumbo.

Hospitalini daktari akasema ni apandisite, ule ugonjwa wa kidole tumbo, nitapasuliwa kesho yake asubuhi. Mama alikuwa na mtoto mchanga, kwa hiyo nkambo ndiye aliyekuja kunilinda, yaani kuniuguza. Alitandika mkeka wake chini ya kitanda changu, akapanga sufuria zake, akaanza kusalimia wagonjwa wote mmoja mmoja.

Jioni jirani yetu, mama aliyeuza samaki wa kukaanga, akaja kunipa moyo. Yeye alishapasuliwa katika wodi ileile, na alikuwa na hamu ya kusimulia. Alingoja nkambo atoke kuteka maji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Kisu hakina neno, mutoto wangu," aliniambia. "Unalala tu, hausikii kitu. Kazi yenyewe njo ya kisha. Kila asubui daktari anakuja na watu wake wote, anakuuliza mbele ya wodi muzima: umeshajamba? Kama bado, hakuna kula, hakuna kunywa, tumbo inajaa, unakufa. Miye waliningojea mpaka muji muzima ulijua."

Alicheka, akanipapasa shavu, akaenda zake. Alikuwa mtu mwema, kweli, ila moyo wangu aliuacha magotini.

Tangu hapo sikuogopa kisu hata kidogo. Niliogopa lile swali. Nilijiona nimelala pale, daktari na miwani yake, wauguzi, wagonjwa wameinua shingo, na nkambo wangu mwenye rozari akisikia jibu. Nilifikiri sana, kwa akili niliyokuwa nayo, nikaamua ni afadhali nife na adabu zangu. Nitakataa kupasuliwa. Watu watalia, watasema alikuwa binti mtulivu, na mambo yataishia hapo.

Asubuhi walininyima hata maji. Nje walinzi wa wagonjwa walikuwa wameshawasha mbabula zao, yale majiko ya mkaa, makala yalinuka, mafuta ya mawese yalinuka, na mimi tumbo lilikuwa linauma na njaa inauma pia. Akina mama wa parokia walikuja na vitenge vyao vya sare, wakazunguka kitanda, nkambo akaanza kuongoza sala. Hawajafika mbali muuguzi akaingia na kitanda cha magurudumu. Hapo nikashika chuma.

Walinibembeleza. Walinivuta vidole. Muuguzi akakasirika, "Daktari anangoja, mutoto huyu anacheza?" Mama mmoja akasema nimeingiliwa na pepo. Nkambo aliwanyamazisha kwa mkono, akainama mpaka sikio lake likagusa mdomo wangu.

"Unaogopa nini? Kisu?"

"Hapana, nkambo."

"Njo nini basi?"

Nikamwambia yote aliyosema jirani. Nikamwambia, "Nitakosa adabu mbele ya watu."

Hakucheka. Aliinuka, akabaki amesimama akiangalia dirisha, huko chini ambako ziwa lilikuwa linang'aa. Akatazama wenzake wa parokia, mmoja mmoja, kama mtu anayeaga. Akaweka rozari kwenye mto wangu. Kisha akajikunja kidogo, akajikaza, na nkambo wangu wa Mpala akakosa adabu. Si kwa kificho. Kwa nguvu zote, mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili alishika mshono wake akilia kwa kicheko.

Akina mama walitazama chini. Muuguzi alitazama dari.

"Njo miye," nkambo akasema kwa sauti, uso umemwiva. "Nimekosa adabu, mumesikia wote. Sasa mucheke, mumalize." Akanigeukia. "Wewe watakucheka kuliko miye?"

Rafiki yangu, niliona aibu ambayo sijaiona tena. Nilimwonea aibu yeye, nikajionea aibu mimi, nikawaonea aibu mpaka wale waliokuwa wanacheka. Nilitaka kutoka pale haraka, hata kama ni kwenda kupasuliwa. Nikaachia chuma. Nikapanda kile kitanda mwenyewe, nikamwambia muuguzi, "Twende."

Baada ya hapo ikawa kama jirani alivyosema. Daktari aliuliza kwa Kifaransa, muuguzi akageuza kwa Kiswahili, kwa sauti ya kuuza samaki, nami nikatikisa kichwa huku tumbo limekaza kama ngoma. Mpaka alasiri moja mvua ilipopiga mabati kwa kelele, nikaona hapa ndipo pa kujificha. Nilidhani nkambo amelala. Kumbe alikuwa anasikiliza. Aliruka kutoka chini ya kitanda, mikono juu: "Mutoto amekosa adabu! Asante Mungu! Mutoto wangu amekosa adabu!"

Mama wa kitanda cha mwisho akauliza kwa hofu, "Ametukana nani?" Walipomweleza, wodi yote ikapiga vigelegele. Nilijifunika kitenge nikalia, na chini ya kitenge kilekile wakaniletea uji.

Nilipopona niliona kwamba nkambo haongozi tena rozari. Alikaa nyuma, karibu na mlango, mwingine akaongoza. Nilipomuuliza alisema sauti yake imechoka. Nilimwamini, ingawa sauti ileile ilikuwa inatufokea mkekani kila siku. Nilishakuwa mama wa watoto, naye ameshazikwa, siku jirani yetu aliponiambia: kila nkambo alipoanza "Salamu Maria," kuna aliyekohoa, kuna aliyebana kicheko, na Jumapili moja nkambo alimpa mwenzake nafasi bila neno. Hakuirudia mpaka kufa. Mimi sikuwahi kumwambia hata asante, kwa sababu kumshukuru kungenilazimu kulitaja jambo lenyewe.

Wodi zile zenye mikeka chini ya vitanda zimebaki chache, na akina nkambo wa namna ile sijui kama wapo. Wiki ijayo watoto wangu watanipeleka. Watalipa, watangoja kwenye viti, wataniletea maua. Wananipenda, sina shaka. Nitapelekwa ndani kimya, nimefunikwa vizuri, heshima yangu yote ninayo. Ila hakuna tena mtu duniani wa kuaibika kwa ajili yangu.