Nilichoma Shati la Salumu kwa Ajili ya Filamu

Nina hatia, na msiniulize kama nilikuwa na sababu. Sababu ninazo tele. Mtu aliyepita chuo kikuu hakosi sababu. Nimemchoma mtu ambaye hakuwa na mwili mwingine wa kuzikwa. Kwa ajili ya filamu! Tena filamu ya maiti wanaotembea! Tena ya pili yake!

Jina langu lifichwe. Kindu ni mji mdogo na aibu yangu tayari inasalimiwa sokoni.

Mimi ni mtu wa makamo, naandika makala. Msomaji wangu mwaminifu ni mke wangu, naye huruka aya. Basi vijana wa mtaani kwetu waliponijia na kamera ya kuazima, wakasema, "Papa, wewe unajua kuandika, tuandikie filamu," nilijiona nimekumbukwa na Mungu.

Nikawaandikia Wafu Wamekosa Treni. Maiti wanafufuka, wanakwenda stesheni ya Kindu, wanasubiri treni, treni haiji, wanakasirika, wanaanza kula watu. Mji mzima ulicheka. Nani hapa hajawahi kusubiri treni hadi akatamani kumla jirani yake?

Wakataka ya pili. "Lakini sasa weka mapenzi, Papa," walisema. "Meno tumeona. Tunataka machozi."

Ee jamani! Machozi nilikuwa nayo nyumbani, yamekunjwa ndani ya sanduku la dada yangu.

Dada yangu mkubwa Mwamini, ambaye kwa ukubwa wake namwita Yaya, aliposwa wakati wa vita na kijana wa ng'ambo ya mto, Alunguli, aitwaye Salumu. Mahari yalikwisha kupokelewa. Lakini treni ilikuwa imekufa, mjini chumvi hakuna, na vijana walikuwa wakisukuma baiskeli zenye mchele na mawese hadi Lubutu ili warudi na chumvi na sabuni. Salumu akaenda kutafuta vitu vya arusi. Wenzake walirudi wakasema walitawanyika karibu na Obokote waliposikia risasi. Yeye hakurudi. Mwili haukurudi, baiskeli haikurudi, hata uvumi haukurudi.

Alikuwa amemwachia Yaya shati lake amshonee mfuko uliochanika. Shati la buluu, limepauka mabegani kwa jua la kusukuma baiskeli. Yaya akashona mfuko mpya kwa kipande cha kitenge chenye ndege wekundu. Akalikunja. Akasubiri. Alisubiri mpaka mimi, mdogo wake, nikasoma, nikaoa, nikaota kitambi.

Katika ukoo wa Salumu, mtu asiyezikwa ni msafiri, na mchumba wa msafiri haolewi na mwingine. Mwili ukikosekana, wanakata gogo la mgomba, mama mzazi analivisha nguo aliyoivaa mwanawe, wanalizika, wanalia, wanamaliza. Sheikh husema hiyo si dini, lakini huja na kula wali wa matanga. Shida ilikuwa Mama Salumu mwenyewe.

"Mutoto yangu iko njiani," alikuwa akisema kila mwaka. "Munataka nimuzike akiwa njiani?"

Kisha akatokea Papa Idi, fundi wa reli aliyefiwa na mkewe, mtu wa maneno machache na kofia moja. Alimtaka dada yangu. Na dada yangu, mwenye mvi kama mimi, nilimwona kwa macho yangu akijitazama kwenye kioo cha pikipiki! Alikwenda mwenyewe Alunguli kumpigia magoti yule mama. Sijui walizungumza nini. Mama Salumu akakubali.

"Nimechoka kulala na mulango wazi," alisema. "Leteni ile shati."

Yaya akanikabidhi mimi shati. "Mudogo yangu, pitisha kwa fundi, alipige pasi. Nisilipige mimi, nitalilowesha."

Mimi! Kati ya watu wote wa Kindu!

Maana siku ileile tulikuwa tukipiga picha za mwisho wa filamu. Hadithi, bila haya, nilikuwa nimeichota nyumbani: msukuma baiskeli anakufa njiani, anafufuka, anarudi kwa mchumba wake, anampenda na anataka kumla, vyote kwa pamoja. Mwishowe msichana analazimika kumchoma. Mchezaji wetu alikuwa dereva wa pikipiki, naye kwa kuchomwa hakuwa tayari, kwa hiyo tulikata gogo la mgomba tulivishe. Vijana walileta fulana ya timu ya mpira, ya kijani, isiyomfaa msukuma baiskeli.

Nilikuwa na bahasha ya karatasi kwapani. Ndani yake shati.

Nilisema, tulivishe tu, tupige picha, tulivue. Nitaliosha, nitalipiga pasi. Mmoja wa vijana akauliza, "Papa, hii si nguo ya muntu?" Nikamjibu kwamba nguo ni nguo. Nikamweleza na tofauti ya kitu na ishara ya kitu, kwa Kifaransa! Kwa picha hiyo ya shati, moto ulikuwa uwashwe pembeni, mbali na gogo. Lakini jua lilikuwa likishuka nyuma ya michikichi, mwanga ukawa wa dhahabu, na mimi nikaona kwenye kioo cha kamera wale ndege wekundu waking'aa mfukoni. Nikapiga kelele: "Choma! Choma sasa!"

Wakachoma.

Ndege mmoja baada ya mwingine. Wallahi, ilikuwa picha nzuri. Katika filamu nzima hakukuwa na picha nyingine nzuri.

Halafu ukabaki moshi, na mimi nimesimama na bahasha tupu.

Hapo ndipo ningesema! Njia ya kwenda kwa Yaya ilikuwa wazi. Badala yake nilikwenda sokoni kwenye mitumba, nikatafuta shati la buluu, nikamwomba fundi abandike mfuko wa kitenge cha ndege. Nikalianika kwenye moshi wa jikoni lipate uzee. Kitenge hakikuwa kilekile, ndege walikuwa wanene zaidi. Nilijiambia kwamba machozi hayahesabu ndege.

Siku ya maziko tulivuka kwa mtumbwi. Mama Salumu alilivisha gogo shati langu la sokoni, taratibu, akiinua kila upande kama anayemvisha mtoto asiyeamka. Alifunga vifungo vyote. Yaya akagusa mfuko. Vidole vyake vikasimama. Nikajua nimekwisha! Kisha akautoa mkono, akajifunika uso.

Kwao, kabla ya kufukia, mzee wa ukoo huuliza: "Nani ana neno na huyu? Aseme, asiende nalo nyumbani."

Wengine walisema madeni yao, mmoja akaomba radhi kwa ugomvi wa utotoni. Mimi nilitazama viatu vyangu. Nikaenda nalo nyumbani.

Na ilielekea kwenda vizuri, hilo ndilo linaniua! Mama Salumu alianza kulala na mlango umefungwa. Tarehe ya arusi ikawekwa. Kijana aliyeunganisha picha aliniuliza kama ile ya moto tuiache au tuikate. Nilikaa nayo usiku kucha. Kisha nikasema, iache. Dada yangu haendi sinema, nilijiambia. Na picha ilikuwa nzuri.

Sikumhesabu Papa Idi. Mtu yule mpole alitaka kuheshimu kazi ya shemeji yake. Siku ya kuonyesha filamu alivaa kofia yake, akamchukua Yaya, akavuka mto akamchukua na Mama Salumu, wakaketi mbele kabisa. Nilipowaona, taa zilikuwa zimezimwa.

Ukumbi ulikuwa wa furaha. Msukuma baiskeli akitokea na uso wa mawese na unga wa makaa, vijana wanapiga kelele: "Kimbia, dada, huyo hakuoga!" "Mupe chumvi kwanza!" Hata Mama Salumu alicheka. Nilimsikia.

Kisha likaja gogo. Likaja shati. Ukuta mzima ukajaa ule mfuko, na ndege, na moto.

"Ile njo shati ya mutoto yangu!"

Watu wakacheka. Walidhani bibi kanogewa.

"Banamuchoma! Idi, muzimishe! Banamuchoma mutoto yangu!"

Wakacheka zaidi. Mtu mmoja akapiga makofi. Papa Idi alikuwa amekwisha kusimama, akiupigapiga ukuta kwa viganja vyake auzime moto, nao ukimpita mgongoni. Yaya Mwamini peke yake hakutazama mbele. Aligeuka akanitafuta gizani, mstari kwa mstari, mpaka akanipata.

Kesho yake nilisema yote mbele ya wazee wa koo mbili. Nilipiga magoti; magoti ya mtu mzima yanalia, nayo yalilia. Mama Salumu hakunitukana. Aliniuliza swali moja tu: "Na mule kaburini, nililia nani?"

Wazee walisema kaburi lile si kitu, na kwamba mwenye uwezo wa kuagiza lingine ni mama peke yake. Mama akasema hapana. Amekubali mara moja akadanganywa. Sasa ataamini nini? Amefungua tena mlango wake. Na kama Salumu hajazikwa, basi kwa mahari yale dada yangu ni mke wake.

Yaya angeweza kukataa. Hakukataa. Amehamia Alunguli, anampikia yule mama, anamwogesha, anapokea wageni kama mkaza mwana. Papa Idi alivuka mto mara kadhaa, akasimama uani na kofia mkononi. Mara ya mwisho Yaya alimpa kiti, akampa maji, akamwita "baba".

Filamu nimeifuta. Watu wanazo nakala kwenye simu.

Wiki iliyopita nilimkuta dada yangu anapeta mchele. Nilisema, Yaya, nitukane basi. Alipeta mpaka akamaliza.

"Ungekuja tu siku ileile," akasema. "Ningelia, ningekupiga. Halafu tungetafuta kitu kingine. Hata udongo wa njia ya Lubutu, alikokanyaga, ungetosha. Wazee walishaniambia. Shati halikuwa lazima, mudogo yangu."

Halikuwa lazima!

Wewe unayesoma, ambaye leo umeharibu kitu cha watu na unatafuta kingine cha kufanana nacho, nakusihi: usiende sokoni. Chukua majivu mkononi, yakiwa bado ya moto, uwapelekee wenyewe. Watakupiga. Kubali upigwe. Mimi nilikwepa kipigo cha siku moja, na anayekilipa ni mwanamke aliyekuwa ameanza kujitazama kwenye kioo.