Mchemraba wa Baba

Baada ya kiharusi kumpata Baba, mguu ulirudi, ulimi ukarudi, lakini kichwa hatukujua. Mzee aliyepakia lori za kiwanda huko Thika maisha yake yote, akipanga katoni bila kuacha nafasi ya kupitisha mkono, sasa alikuwa anatia miguu kwenye mikono ya sweta. Daktari wa mazoezi akasema tumtafutie vipande vya mbao vya kupanga, vimfundishe tena kuona vile vitu vinakaa.

Fundi mmoja hapa Gitothua akanitengenezea kwa mabaki ya mbao: vipande saba, kila kimoja na umbo lake, ukivipatia vinaingiana vinakuwa mchemraba mmoja. Jumapili baada ya kanisa nikavimwaga mezani kutoka kwa mfuko, nikaketi kando kama mwalimu.

Baba akapanga, akapangua, akapanga tena. Kona moja ikabaki na shimo.

"Kimoja hakiko," akasema.

"Viko vyote, Baba. Jaribu pole pole." Nilitumia sauti ya kusemesha watoto wa nasari, ile hata mimi naichukia.

"Nimesema hakiko!"

Nikavunjika moyo. Basi, nikajiambia, kichwa hakijarudi na hakirudi. Nikakimbilia jikoni nilie huko. Mama alikuwa anapepea jiko.

"Haya makaa yalikuwa yamekataa kabisa kushika," akasema. "Bahati nilipata kambao kwa ule mfuko wako."

"Kambao gani, Mama?"

"Si hivyo vya kuwashia moto ulileta? Nilichukua kale kadogo."

Woi! Tukachungulia ndani ya jiko pamoja. Jivu.

"Sasa ningejua aje?" Mama akang'aka. "Mbao ni mbao!"

Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baba alikuwa amesikia yote. Hakugombana. Aliitisha kisu na kiporo cha ugali. Sisi ni watu wa magharibi, ugali wetu haulegei, na huo ulikuwa umelala ukakauka kabisa. Akaangalia shimo, akakata kwa mkono wa kushoto, akapunguza kidogo pembeni, akasukuma. Ukaingia. Akaugeuza mchemraba juu chini na hakuna kilichoanguka.

Mama akapiga kigelegele, jirani akatoa kichwa mlangoni. Mimi nililia kwa furaha, bila aibu yoyote.

Baba akatutazama sisi wote.

"Mnalia nini?" akauliza. "Mboga iko wapi?"