Kigae cha Moto

Nilikuwa na miaka sita, kwetu Mgeta mlimani, miaka ile ya vita nguo zilipokuwa adimu, mama aliponituma kwa jirani kuomba moto. Ilikuwa kawaida yetu: moto ukizimika, mtoto anapewa kigae cha chungu, anakwenda kuleta makaa. Nilipenda kutumwa. Nilijiona mkubwa.

Siku ile jirani alinikaribisha kuliko siku zote. Alinipa kiazi kitamu cha kuchoma, akanikalisha, akanisifia nywele. Kila nikinyanyuka alisema, "Ngoja mwanangu, kaa halijashika vizuri." Nayaona makaa mekundu tele mekoni, lakini mtoto ataanzaje kubishana na mtu mzima? Nilikula kiazi chote. Nikarudi nikipuliza kigae changu, nikamkuta bibi mzaa mama amekaa kizingitini peke yake, na nyuma yake, ndani, moto unawaka.

Mama alikuwa ameshateremka Morogoro kwa mume mpya. Wajomba walikuwa wamekwisha kusema kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, hapelekwi kwa watu, abaki mlimani. Kijiji kizima kilijua. Asiyejua ni mimi niliyeshika kigae.

Nilimchukia mama, nikamchukia na jirani na kiazi chake. Tangu hapo mtu akinitendea wema, naangalia mlango. Niliolewa na mwanamume mpole, akahamia kwetu kama wengi walivyofanya huko. Siku moja akaniletea kanga kutoka mjini. Mwingine angepiga vigelegele. Mimi nilikwenda kuangalia kama nguo zake bado zipo, na siku tatu sikumsemesha. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mimi nilishtuka mpaka nikamchosha yule maskini.

"Sasa nikupe nini ambacho hutakiogopa?" aliniuliza.

Dawa aliitafuta mwenyewe: kila akishuka mjini kuuza mboga aliniambia siku atakayorudi, na siku hiyo alirudi, hata njia iwe inateleza namna gani. Alifanya hivyo miaka minne. Nami taratibu nikaacha kukagua nguo zake.

Ndipo habari ikaja kwamba mama anaumwa huko mjini na ananiita. Binti yangu alikuwa na miaka minne, hajawahi kuachana nami. Bibi akaninong'oneza, "Mtume kwa jirani akaombe moto, wewe ushuke. Atasahau."

Nilimtazama. "Kumbe ni wewe, bibi?"

"Ulitaka awe nani? Mama yako alikuwa analia tu, hajiwezi. Mbona hukufa?"

Miaka yote ile nilikuwa nakula kwenye mkono wake. Niliona hasira mpaka masikio yakawaka moto. Na aibu pia, kwa sababu kigae nilikuwa nimeshakishika. Ingekuwa rahisi sana.

Nilikiweka chini, nikapiga magoti mbele ya binti yangu. "Nakwenda kwa mama yangu. Utalia. Nitarudi." Nilimpa kamba yenye mafundo matatu, kila asubuhi afungue moja. Alilia akaning'ang'ania kanga, baba yake akambeba, bibi nyuma akisema, "Si nilikwambia!" Niliteremka mlima kilio kile kikinifuata.

Mama alikuwa amekonda kitandani. "Sikutaka nikuone unalia," aliniambia.

"Hukuniona," nilimjibu.

Nilimwogesha, nikamnywesha uji. Neno la kumsamehe lilikataa kutoka, nami sikulilazimisha.

Siku ya tatu nilipanda mlima karibu mbio. Binti yangu alikuwa kando ya mfereji akifinyanga udongo, kamba shingoni, mafundo yote yamefunguliwa. Aliinua macho. "Umekuja," akasema, akaendelea na udongo wake.

"Unaona?" bibi alisema. "Wala hakuwa na shida na wewe."

Nilikaa chini palepale nikalia. Mimi, mama yangu aliporudi kunisalimia mara ya kwanza, miaka miwili baada ya kuniacha, nilimwamkia shikamoo kama mgeni. Akaniomba maji ya kunywa. Mtungi ulikuwa chumba cha pili, hatua nne tu. Nilikataa kwenda, nikabaki namtazama asije akaondoka.