Nukta ya Johannesburg

Mama yangu alizikwa siku sita baada ya kufa, na kuchelewa huko kulitoka kwangu. Kwetu Karagwe hatuweki maiti hivyo. Mtu akifa leo, kesho kaburi linachimbwa kibanjani, kwenye shamba la nyumbani, keshokutwa amepumzika kwenye migomba yake. Majirani walivumilia kwa sababu niliwaambia kaka yangu yuko njiani. Niliwaambia kwa uhakika, kama mtu aliyeongea naye asubuhi ile kwa simu. Ukweli ni kwamba sikuwa nimesikia sauti yake kwa miaka kumi na moja.

Nauza kahawa kwa mtandao. Kahawa ni ya Kanoni, ya kibanja chetu na vya majirani wachache. Tunaianika, tunaikoboa, mimi naikaanga mjini Kayanga ninakoishi, kwenye chumba cha nyuma, na wateja wa Mwanza, Arusha na Dar es Salaam wanaiagiza kupitia tovuti yangu. Tovuti niliitengeneza mwenyewe kwa kujifunza na kukosea. Nina kiburi nayo, na mama alikuwa akinitania kwamba naipenda kuliko mume.

Kwenye tovuti ile kuna ukurasa mmoja unaoeleza kwetu ni wapi. Niliweka hapo picha ya zamani: mama na kaka yangu wamesimama mbele ya mkeka wa kahawa, vichwa vyao vimekaribiana, wanacheka jambo ambalo hakuna anayelikumbuka. Picha halisi niliichukua kutoka ukutani kwa mama nikaenda kuiskani Kayanga. Nilisema nitairudisha wiki ileile. Ilikaa kwenye droo yangu miaka miwili.

Kaka yangu ndiye mtoto wa kwanza. Alikwenda Afrika Kusini baada ya kukosana na baba kwa maneno ambayo wote wawili walikuwa wameshayajutia kabla hajafika mpakani. Mara ya mwisho alipiga simu akiwa Johannesburg. Aliongea na mama, akamwambia, "Nitapiga Jumapili." Jumapili ile hakupiga, wala nyingine zilizofuata. Baba akafa bila yeye. Baba yetu mdogo, anayeishi Nyakatuntu, ndiye aliyesimamia msiba, na ukoo ukakubaliana kutomsimika mrithi, omusika kama tunavyomwita, mpaka mwenyewe arudi. Mama alibaki kibanjani akikitunza, kama alivyosema, kwa niaba ya mwenyewe.

Sasa, mtu mwenye duka la mtandaoni anahitaji kujua nani anaingia na nani anatoka. Natumia chombo cha takwimu za tovuti, kile kinachokuonyesha idadi ya watembeleaji, walikotokea na kurasa walizofungua. Kwa muda mrefu kilikuwa kinanipa tarakimu tupu. Kisha likaja toleo jipya, na ndani yake kulikuwa na ramani ya dunia. Mtu akifungua tovuti yako, nukta ya kijani inawaka kwenye mji alipo. Asiyekuja mara ya kwanza, nukta yake inazungushiwa duara. Siku hiyo sikukaanga kahawa hata kilo. Nilikaa natazama Mwanza inawaka, inazimika, nikifurahi kama mtoto.

Jumapili ya kwanza ya ramani ile, saa nane mchana, iliwaka nukta Johannesburg. Ilikuwa na duara.

Sina mteja Johannesburg. Kahawa yangu haijawahi kuvuka hata mpaka wa Rusumo. Nilibonyeza nukta ile nikaona kwamba mtu huyo hakupitia ukurasa wa bei wala wa kuagiza. Alikwenda moja kwa moja kwenye ule ukurasa wenye picha, akakaa dakika kumi na moja, akaondoka. Jumapili iliyofuata alirudi saa ileile. Ya tatu pia.

Sikumwambia mtu. Nilijiambia nisiwe mjinga, dunia ina watu wengi. Halafu chombo kikaongezewa kitu kingine: kurekodi mwendo wa kidole cha mtembeleaji kwenye ukurasa. Humwoni mtu, unaona alama tu inayotembea pale anapogusa. Wenye maduka wanaitumia kujua wateja wanakwama wapi. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye rekodi ya Jumapili. Kidole kilishuka polepole kikapita maneno yote bila kusimama, kikafika kwenye picha. Kikaikuza. Kikatulia katikati, pale vichwa viwili vinapokaribiana, kwa muda mrefu sana. Kisha kikaanza kwenda juu na chini, taratibu, pale pale, kama unavyompapasa mtu shavu.

Nililia mbele ya kompyuta. Nilijua ni kaka yangu anamtazama mama.

Nikapanda pikipiki mpaka Kanoni siku hiyohiyo. Mama alikuwa anamenya ndizi. Nilimsalimia, nikakaa, nikamwambia kwamba mwanawe yuko hai, yuko Johannesburg, na kila Jumapili anafungua tovuti yetu kuangalia picha yake. Kisu kilisimama mkononi.

"Umeongea naye?" aliuliza.

"Hapana mama. Lakini naona anapoingia."

"Anasema nini?"

"Hasemi. Anaangalia tu."

"Anakaa muda mrefu?"

"Dakika kumi na moja. Mara nyingine zaidi."

Aliendelea kumenya, na machozi yakawa yanamtoka bila kujifuta. "Ana aibu," alisema. "Alikuwa hivyo tangu mdogo. Akikosea anakaa nyuma ya nyumba anachungulia. Tumwache achungulie."

Sijawahi kumwona mama akiwa na furaha kama miezi ile. Aliwaambia wenzake wa kwaya. Alimwambia baba mdogo, ambaye alishuka kutoka Nyakatuntu kwa makusudi ili nimwonyeshe nukta hiyo, akaitazama kwa miwani na bila miwani, akasema ni kweli ni Johannesburg, imeandikwa. Niliandika ujumbe chini ya picha: "Kaka, tunakuona. Piga simu." Nikaweka namba. Simu haikulia. Mama akasema tusimharakishe.

Kitu kimoja kilibadilika. Nukta ikaanza kuwaka hata Jumatano, kisha hata Ijumaa, na ikawa inakaa nusu saa, wakati mwingine bila kidole kusogea kabisa. Nilikuwa namletea mama habari hizo kama mtu anayeleta barua. "Amekuja mara tatu wiki hii, mama." Naye anaitikia, "Basi moyo wake umelainika." Kila nikikumbuka jinsi nilivyomwambia maneno yale, natamani ningezaliwa bubu.

Mama alianguka siku ya Alhamisi, akitoka kuchuma kahawa. Ilikuwa shinikizo la damu. Tulimkimbiza hospitali, akalala siku tano bila kusema neno linaloeleweka, akafa Jumanne asubuhi. Siku zile tano sikugusa kompyuta.

Jumanne mchana niliifungua ili niweke tangazo la msiba. Niliandika chini ya picha kwamba mama amefariki, kwamba tunamsubiri kaka. Ndugu walikuwa wamekaa kwenye nyasi zilizotandazwa sebuleni, na baba mdogo alishapanga tuzike Alhamisi. Nilisimama nikakataa. Nilisema mwenye haki ya kutupa udongo wa kwanza yuko hai na wote wanajua, na hafungui tovuti kila siku, tumpe mpaka Jumapili aone.

"Na akiona Jumapili atafika lini?" baba mdogo aliuliza.

"Tumpe mpaka Jumatatu."

"Unamweka mama yako kwenye jokofu kwa sababu ya taa ya kompyuta."

"Namweka kwa sababu ya mwanawe."

Nina ulimi mkali, nao ndio ulioshinda. Mchungaji alikubali, baba mdogo akakubali huku amekunja uso. Jumapili nilikaa mbele ya ramani tangu tulipotoka kanisani. Saa nane ikafika, ikapita. Johannesburg ilikuwa giza mpaka jioni. Ningeweza kuelewa pale pale, kama ningetaka kuelewa. Badala yake nilitoka nje kwa waombolezaji nikatangaza kwamba hayupo kwenye ramani kwa sababu ameshaondoka, yuko barabarani. Wanawake walipiga vigelegele. Walimwandalia kitanda, wakabadilisha shuka.

Jumatatu tulimsubiri mpaka saa kumi. Kila gari lililopita barabarani, watu waligeuka. Saa kumi na nusu baba mdogo alichukua koleo bila kuniangalia, akatupa udongo wa kwanza.

Wiki moja baadaye nilikuwa Kanoni nikitoa namba za watu kwenye simu ya mama ili niwashukuru. Ilikuwa simu ya kugusa niliyompa mwenyewe, na siku ya kumpa nilimwekea alama ya tovuti kwenye uso wa simu ili aone duka la binti yake. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hakuwa anajua kuandika kwenye simu, na siku moja nilipomkuta akiigusagusa nilimkaripia: "Mama, acha kubonyeza ovyo, bando linaisha." Aliiweka chini kama mtoto aliyeshikwa. Tangu hapo sikumwona tena akiishika isipokuwa kupokea.

Nilibonyeza ile alama. Ukurasa ulifunguka ukiwa tayari kwenye picha. Ulikuwa umekuzwa pale katikati, na uso wa kaka yangu ulijaza kioo.

Kompyuta ilikuwa kwenye mkoba. Niliifungua mezani na kuiunganisha na simu yangu. Johannesburg ilikuwa inawaka, na duara lake.

Asubuhi ile chombo kilikuwa kimenipa toleo jingine jipya. Sasa kando ya kila mji kulikuwa na aina ya simu ya mtembeleaji, na kando ya Johannesburg ilikuwa aina ileile ya simu ya mama, pamoja na alama ndogo ya kuuliza. Niliigusa ile alama. Ilieleza kwa adabu kabisa kwamba mji ni makadirio tu. Kwamba baadhi ya vivinjari vya kubana data hupitisha mawasiliano kwenye mitambo iliyo nchi nyingine, na mtembeleaji huonekana yuko huko. Fundi wa Kayanga ndiye aliyemwekea mama kivinjari cha namna hiyo, kwa maagizo yangu mwenyewe, ili bando lisiishe.

Nilikaa kwenye kiti chake, simu mkononi. Ni yeye. Jumapili saa nane, akishatoka kanisani na kula, alikuwa anakaa hapa na kufungua picha niliyoondoka nayo ukutani, kwa siri, asije akakaripiwa. Alikuwa anampapasa mwanawe shavu. Na nilipomwambia kwamba mwanawe anaingia humo, akaanza kuingia mara nyingi zaidi, Jumatano, Ijumaa, nusu saa nzima bila kusogeza kidole, akimsubiri. Alifikiri watakutana humo. Nami nikawa nahesabu kusubiri kwake na kumpelekea nyumbani kama habari njema.

Sikupata wa kumkasirikia. Nilitafuta kweli. Chombo hakikunidanganya, kilinionyesha kile kilichokiona. Ningemwuliza mama swali moja tu, "Mama, wewe huwa unaangalia ile picha?", angeniambia. Sikumwuliza kwa sababu nilishajua kila kitu.

Siku ya kumaliza matanga ukoo ulikusanyika tena. Jambo la mrithi lilikuwa mezani, na wazee walikuwa wanasema lisubiri, mtoto amekosa usafiri, atafika. Mtu mmoja aliuliza kama bado anaonekana kule kwenye ramani. Wote wakanigeukia.

Nilisimama nikawaeleza. Nilieleza vibaya, nikarudia, nikaonyesha simu. Shangazi mmoja alielewa kabla ya wengine, akajifunika kanga usoni. Baba mdogo alichukua muda. Nilisubiri anitukane, na ningeshukuru.

"Kwa hiyo huyu mtoto hajui kwamba mama yake amekufa," alisema hatimaye.

"Hajui, baba mdogo."

"Na sisi hatujui kama yeye yupo."

"Hatujui."

Alivua miwani, akaanza kuifuta kwa pindo la koti, akaendelea kuifuta. Ndani mle ulianza tena ule mlio wa siku ya kwanza ya msiba, wanawake wawili, kisha wanne, na hakuna aliyewanyamazisha. Alikuwa analiliwa mtu wa pili sasa.

Mchungaji alisubiri watulie ili afunge kwa sala. Aliinama karibu nami, akaniuliza kwa sauti ya chini amtaje vipi kaka yangu: pamoja na walio safarini, au pamoja na waliotangulia.

Nilimwambia sijui.

Alinitazama kidogo, akafumba macho, akamwombea mama peke yake.