Kopo la Bibi

"Sijasema wewe umemuua mtu, dada. Nimesema mtoto anakauka," nilimwambia nesi.

Aliendelea kusuuza ndoo nyuma ya wodi ya wazazi. Mimi nilikuwa nimetoka fomu foo, na mtafiti, muuguzi mtu mzima kutoka Dar, alinichukua nimtafsirie Kimatengo alipokuwa akiwauliza kina mama kuhusu kunyonyesha.

"Usimwambie huyo mtafiti wako," nesi akasema. "Mwenzangu alikiri kosa, wakamhamishia kule ziwani, watoto wake wamebaki hapa. Wewe kazi ikiisha unarudi kwenu Litumbandyosi kuchuma kahawa. Mimi je?"

Kosa lilianza kidogo tu. Binti mmoja alijifungua, homa ikampanda, nesi huyu akamwagiza bibi wa mtoto atumie maziwa ya kopo kwanza. Homa ikashuka, lakini hakuna aliyemwambia bibi aache. Na bibi alilipenda kopo lile. Zamani halikuonekana madukani, sasa kila duka pale Mbinga mjini lilikuwa nalo. Akawa anayazimua maziwa yake kwa maji mengi yasiishe upesi, kule kwenye banda wanakopikia ndugu wa wagonjwa. Mtoto akaanza kuhara. Binti matiti yamejaa mpaka yanauma, anayakamulia kwenye kanga, kwa kuwa bibi alisema maziwa ya homa ni machafu.

"Mwambie bibi aache."

"Nilimwambia jana. Akasema, 'Si wewe uliyeniagiza, sista? Leo umeota nini?' Wodi nzima ikacheka."

"Basi sema ulikosea."

"Matroni akisikia? Mdogo wangu, una mdomo mwepesi kwa sababu huna kazi ya kufukuzwa."

Dirishani tulimsikia mtoto. Sauti ilikuwa inakwaruza tu.

Nesi akaiweka ndoo chini. "Jana alilia kwa nguvu," akasema. Kisha, bila kunitazama: "Usiku bibi haruhusiwi wodini. Nitamweka mtoto kwenye titi la mama yake mimi mwenyewe, nikae nao. Lakini asubuhi atakuja na kopo lake."

Hapo nikaamua. Asubuhi, kabla bibi hajabandika maji, ningekuwa bandani. Ningemwamkia, nimwambie kwa Kimatengo kwamba agizo lilitoka hospitali na hospitali ndiyo iliyokosea, siyo yeye. Kisha ningekwenda kwa mtafiti kumwambia hayohayo, nesi akiwa nami au asiwe nami.